Kupeleka Madaraka: Kitenzi Kimoja na Historia ya Kyela

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inaeleza kwamba Serikali za Mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Wanasheria wameijadili sana ibara hiyo. Sisi wanaisimu tumekipita kitenzi chake. Kinachopelekwa hutoka kwa mwenyewe, naye aweza kutuma mjumbe akirudishe.

Kabla ya ukoloni, Wanyakyusa wa uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa hawakuwa na mtawala mmoja. Kila malafyale alitawala nchi yake ndogo. Katika ubusoka, sherehe ambayo Monica Wilson aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, kizazi cha akina baba kiliwaachia wana utawala, na nchi ikagawanywa, kwa kawaida baina ya wana wawili wakuu wa malafyale. Wazee walikaa kando. Kitenzi kifaacho hapo ni kukabidhi.

Waingereza, kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, waliwatambua machifu na kuwapa mahakama na hazina. Tangu hapo malafyale alikuwa na bwana mwingine wa kumridhisha, naye ni Bwana Shauri wa Tukuyu, kwani Kyela wakati huo ilikuwa sehemu ya Rungwe. Kilichotambuliwa kwa sheria kikafutwa kwa sheria, mwaka 1963. Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa (ajabu ya maneno!) Madaraka Mikoani; waliopelekwa mikoani walikuwa watumishi wa Serikali Kuu. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ilizirejesha, zikaanza kazi mwaka 1984.

Jambo hili huonekana waziwazi zaidi katika fedha. Mpakani Kasumulu, ushuru wa forodha ni wa Mamlaka ya Mapato. Halmashauri hubaki na ushuru wa mazao, yaani mpunga na kakao, lakini kiwango chake hupangwa Dodoma: mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, nami simwonei kijicho. Hata hivyo, diwani aliyewaahidi wapiga kura wake zahanati alipungukiwa mfuko kwa uamuzi usio wake.

Wakenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, hawakuishia kwenye neno ugatuzi. Waliandika kwamba kaunti zote 47 kwa pamoja zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ibara zetu za 145 na 146 hazitaji kiwango chochote.