Kupandikiza Somo

Katika miongozo wanayopewa walimu tangu mafunzo kwa njia ya mtandao yaliposhika kasi, limejitokeza neno ambalo kila nilionapo hunikera, nalo ni kuagiza somo, likikusudiwa tendo la mwalimu kulichukua somo lililokwisha kutungwa na mtu mwingine, pamoja na matini yake, picha zake, maswali yake na mpango wake wa alama, na kulitia ndani ya mfumo wa usimamizi wa ujifunzaji anaoutumia na wanafunzi wake. Waliolichagua, ambao sina haja ya kuwataja, waliona linatosha katika biashara ya bandarini, wakaridhika.

Kuagiza ni neno kongwe na lenye heshima. Nasaba yake ni moja na ya aga na agano, na yote matatu huhusu kauli: anayeaga huacha neno, waaganao hufungana kwa neno, na anayeagiza hulituma neno litangulie, naye akabaki kungoja. Mfanyabiashara wa Korogwe aliyeagiza mabati kutoka Dar es Salaam bado hana mabati. Ana ahadi tu. Amma mwalimu wetu, somo limo katika kompyuta yake, wala hamngojei mtu. Basi anaagiza nini?

Wapo wasemao kupakia, na hoja yao ina nguvu zaidi, kwa kuwa pakia na pakua ni jozi njema tuliyorithi kwa mabaharia na makuli. Lakini mzigo uliopakiwa hukaa chomboni vilevile ulivyofungwa. Mwalimu akichukua kifurushi cha mbz cha Moodle, mfumo uliotoka Perth, Australia, mwaka 2002, akakipakia kama faili ya kawaida, mwanafunzi ataona jina la faili na mahali pa kubonyeza ili aipakue. Sura hazioni, wala zoezi hata moja. Sharti kifurushi kifunguliwe, sura zikae mahali pake, maswali yaingie katika benki ya maswali, na alama zifungamane na daftari la darasa lile.

Tendo hilo ni kupandikiza. Shina lake ni panda, lile la mbegu, ambalo Wazigua wa Handeni na Wasambaa wa milima iliyo juu ya Korogwe hulitamka handa. Likaongezwa viambishi vya unyambulishaji hata likawa na maana ya kukitoa kimea kilikooteshwa na kukifanya kishike ardhi pengine. Mtu wa wilaya hizi hahitaji kufasiriwa, maana amekulia kando ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62. Aliyoagiza ni elfu. Iliyopandikizwa ni hiyo sitini na miwili, na kwa hiyo ndiyo mashamba yakaanza. Tazama pia kitaluni: mche wa mkonge kabla ya kuhamishwa hupunguzwa mizizi na majani ya chini, kama vile somo linapohamia darasa jipya huacha majina na alama za wanafunzi wa kwanza, likabaki na kiini chake.

Yupo aliyepinga akisema kwamba pandikizi katika siasa ni mamluki. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipompa mgonjwa figo ya ndugu yake, taifa zima lilisema amepandikizwa figo, na hakuna aliyedhani ametiwa mamluki.

Matumizi yake ni mepesi: mwalimu anayefunzwa chuoni Korogwe au Handeni hupandikiza somo, somo hupandikizwa, tendo ni upandikizaji, na hazina ya masomo yaliyo tayari ni kitalu.

Niliwahi kulileta neno hili mbele ya jopo moja, nikajibiwa kwamba lina harufu ya shamba. Jibu hilo lilinichoma, wala sijalikubali, kwa sababu waliolitoa huandika mtandao na kipanya bila kusita, na sioni kwa nini tando la buibui na mnyama wa ghalani wapewe idhini ambayo mche wa mkonge unanyimwa. Watakapoleta hoja nyingine nitaisikiliza. Hadi siku hiyo, katika kila muongozo utakaopita mikononi mwangu, nitafuta kuagiza na kuandika kupandikiza.