Uvimbe wa ubongo kwa watoto: daraja husomwaje?

Kipande cha uvimbe kilichotolewa kwa upasuaji hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa rangi. Kwa hadubini, mtaalamu wa patholojia huangalia kasi ya seli kugawanyika, seli zilizokufa na mishipa ya damu iliyochipuka, ndipo atoe daraja, 1 hadi 4, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO.

Mishipa hiyo peke yake haitoshi: huonekana hata katika astrositoma ya pilositiki, ya daraja la 1. Nayo meduloblastoma ni daraja la 4, lakini watoto wengi hupona wakipata upasuaji, mionzi na dawa. Ndiyo maana mwongozo wa 2021 hutegemea pia vipimo vya jeni: glioma ya shina la ubongo yenye badiliko la H3 K27 hupewa daraja la 4 hata seli zake zikionekana tulivu.