Kupunguza si kuhimili

Taarifa nyingi za mamlaka za maji husema taasisi "inakabiliana na mabadiliko ya tabianchi", na msomaji hubaki hajui imefanya nini. Kukabiliana ni kutazamana na jambo uso kwa uso, basi. Ndani ya neno hilo zimejificha kazi mbili: kupunguza gesijoto tunazozitoa, na kuhimili athari ambazo zimeshafika au ziko njiani.

Kwenye maji, kupunguza huanzia kwenye pampu. Kupandisha mita moja ya ujazo hadi mwinuko wa mita 100 hula umeme wa uniti 0.27 hata kwa pampu isiyopoteza chochote, na pampu ya namna hiyo haipo. Dar es Salaam hunywa maji ya mto Ruvu, na maji hayo lazima yasukumwe hadi kwenye matangi ya vilimani. Kubadilisha pampu zilizochakaa ni kupunguza. Kunasa gesi ya mabwawa ya majitaka pia ni kupunguza, ingawa hapo "hewa ukaa" haifai: gesi yenyewe ni methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 ya hewa ukaa ya uzito uleule. Neno "gesijoto" linazibeba zote mbili.

Kuhimili ni habari nyingine. Mwaka 2022 Ruvu ilipopungua, jiji liliingia kwenye mgao. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro limebuniwa ili maji ya masika yatumike kiangazi. Visima virefu vya Kigamboni navyo vinaupa mji chanzo kisichotegemea mto.

Wapo wanaolikataa neno "kuhimili" wakidai linanukia uvumilivu, kana kwamba tumeambiwa tukae kimya tuteseke. Nadhani wanalionea. Kuhimili ni kubeba mzigo bila kuanguka, na ndugu yake ni mhimili, ambao mtu huujenga kwa makusudi kabla paa halijaelemea. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa hupenda "mnepo". Neno zuri, ila linataja sifa ya kitu kinachopinda bila kuvunjika, halitaji kazi.

Tukizichanganya kazi hizi hatutaona zinapogombana. Kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari ni kuhimili ukame kwelikweli, lakini mita moja ya ujazo hula uniti 3 hivi au zaidi. Umeme huo ukitoka kwenye gesi asilia, mkono mmoja unabomoa kinachojengwa na mwingine.

Bomba linalovuja ndilo linalozipatanisha kazi hizo mbili. Maji yanayomwagika mtaani yameshasafishwa na kusukumwa kwa umeme, na ni maji ambayo mto ukipungua yatatafutwa kwa tochi. Katika taarifa, uniti zilizookolewa kwa kuziba uvujaji ziandikwe chini ya kupunguza, lita chini ya kuhimili.