Kahawa Iliyolipa Ada

Ukiuliza kwa nini Kilimanjaro ilitangulia sehemu nyingi za Tanganyika kwa shule, utapewa jibu moja kati ya mawili. Wengine watasema ni wamisionari, wengine watasema Mchagga anapenda fedha na fedha huzaa elimu. Hili la pili ni mzaha wa vijiweni, tuliache huko huko. La kwanza lina ukweli wake, lakini haliwezi kubeba mzigo wote linalotwishwa. Shule za mlima ule zililipiwa na kahawa, tena kahawa iliyouzwa na wakulima kupitia chama chao wenyewe, mahali ambapo ardhi ya kuwagawia watoto ilikuwa inakwisha. Zao, chama na uhaba wa ardhi vilikutana, na nadhani pasingekuwa na kimojawapo, hadithi ya mlima huo ingekuwa nyingine kabisa.

Mibuni ya kwanza ililetwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walikuwa wakiilima Kilema, mlimani humo, kabla karne ya 19 haijakwisha. Kwa miaka mingi ilibaki zao la misheni na la walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ofisa wa Kiingereza pale Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza wenyeji waipande katika vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya migomba. Walowezi walipinga vikali. Walidai kwamba Mwafrika hataitunza mibuni, kwamba magonjwa yatatoka kihambani kwake na kuingia katika mashamba yao, na kwamba kahawa itaibwa. Kubwa zaidi halikusemwa kwa sauti ya juu hivyo: mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuwa kibarua kwa mlowezi. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, walowezi wenye hoja hizo hizo walisikilizwa. Waafrika wa huko walizuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930, walipoanza kuruhusiwa wachache katika wilaya chache, na wengi wao walisubiri mpaka miaka ya 1950.

Wachagga hawakungoja kulindwa na ofisa. Mwaka 1925 waliunda chama cha wapanda kahawa, KNPA, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa ya kawaida sana: kununua dawa na vifaa vya kupiga wadudu, na kukusanya kahawa ya watu wengi ili iuzwe kwa pamoja. Lakini chama kinachowakutanisha maelfu ya wakulima hakiwezi kuzungumzia wadudu peke yake. Kikaanza kuuliza kuhusu ardhi, na serikali ikaanza kukitazama kwa jicho la wasiwasi. Baada ya misukosuko ya uongozi na tuhuma za fedha, sheria ya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka 1933 nafasi ya KNPA ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikiwa na vyama vya msingi chini yake na meneja Mzungu juu yake.

Hapa ndipo msomaji mkaidi anapoweza kunikamata. Chama chao wenyewe kwa maana gani, ikiwa serikali ndiyo iliyokipanga na mkulima akalazimishwa kwa amri kukiuzia kahawa yake yote? Swali ni zuri, na wakulima wenyewe waliliuliza kwa mikono. Mwaka 1937, bei zikiwa chini, ghasia zilizuka mlimani. Watu walitaka uhuru wa kumuuzia mnunuzi wamtakaye, na serikali ikajibu kwa kuwakamata viongozi wao. Hata hivyo ghasia zile zinathibitisha jambo moja: wakulima walikiona chama kuwa kitu ambacho wana haki ya kukidai hesabu. Hakuna anayefanya fujo kudai hesabu za duka la mtu mwingine. Na baada ya vita vya 1939 hadi 1945, bei ya kahawa ilipopanda duniani, faida ilikuta chombo cha kuipokea kiko tayari. Haikuishia mikononi mwa wachuuzi wa Moshi mjini.

Namna malipo yalivyopangwa ina uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mkulima alimenya buni nyumbani, akazianika, akapeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi na kupokea malipo ya awali. Fedha nyingine ilikuja baadaye, kahawa ikishauzwa. Kwa familia, malipo yale ya pili yalikuwa akiba ambayo haikuweza kuliwa mapema, na ada ni deni linalodaiwa kwa mkupuo. Kwa upande wa chama, makato madogo kwa kila kilo yalikuwa mtaji. Miaka ya 1950 KNCU ilisomesha vijana kwa ufadhili na ikafungua chuo cha biashara Moshi. Mwaka 1963 nchi ilipohitaji Chuo cha Ushirika, kiliwekwa Moshi, na leo ni chuo kikuu.

Sasa turudi kwa wamisionari. Kama misheni peke yake ingetosha, Masasi ingeiacha Kilimanjaro mbali, kwani Waanglikana wa UMCA walifika huko mwaka 1876, wakafungua shule na kutoa walimu na makasisi wa Kiafrika mapema. Walichokosa watu wa Masasi ni zao la kulipia shule zaidi ya zile za misheni. Korosho ilikuja kushamiri baadaye sana. Atakayejibu kwamba basi ni fedha tu, na aende Usukumani. Huko pamba ilileta fedha nyingi, na wakulima walikuwa na ushirika wenye nguvu, Shirikisho la Vyama vya Victoria la mwaka 1955, ambalo Paul Bomani alikuwa kinara wake. Bado shule hazikujaa kama mlimani. Sababu, kwa maoni yangu, ni ardhi. Msukuma mwenye watoto wengi aliweza kufungua shamba jingine na kuongeza ng'ombe, kwa hiyo kila mkono uliokwenda shule ulikuwa mkono uliopotea shambani. Kihamba cha Mchagga hakikuongezeka kwa kuongezewa mikono. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliopendelewa katika urithi. Wa katikati walitafutiwa njia nyingine. Kwa watoto hao wa katikati shule ilikuwa urithi wa badala, na kahawa ndiyo iliyoulipia.

Mabinti hawakuhesabiwa hata katika mgawo huo. Mama aliyepalilia mibuni na kubebea ng'ombe majani hakuwa na jina katika daftari la chama. Chake kilikuwa ndizi za sokoni. Yeyote anayesifu ushirika ule, nami nikiwamo, aanze kwa kukiri kwamba ulijengwa pia juu ya kazi isiyolipwa.

Pingamizi zito kuliko yote lilitoka kwa Mwalimu Nyerere. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alilalamika kwamba shule inawaondoa vijana katika kilimo na kuwafanya walidharau jembe. Mlimani ilikuwa kweli: kahawa iliwasomesha watoto ambao hawakurudi kuipogoa. Mibuni ikazeeka pamoja na wazee wenyewe. Lakini sioni aibu katika hilo. Kilimo kinachokuza uchumi huwatoa watu shambani. Kosa ni kutorudisha chochote kwa mibuni na kwa waliobaki, na chombo cha kuratibu marejesho hayo kilikuwa ushirika.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka zake. Viliporudi mwaka 1984 vilikuwa na madeni na imani haba ya wanachama. Miaka mitano baadaye mfumo wa kimataifa wa migao ya kahawa ukavunjika na bei zikaporomoka, kisha miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaingia vijijini. Wengi huilaumu bei ya dunia, nami siwaungi mkono. Bei ilikuwa mbaya hata miaka ya 1930, na chama kilivuka. Kilichovunjika mwaka 1976 ni haki ya mkulima ya kumshika mtu shati na kumdai hesabu, na haki hiyo haikurejeshwa mwaka 1984 pamoja na majengo.