Street Fighter II: Mashine Iliyomlipisha Aliyeshindwa

Ni wachache wanaoikumbuka Street Fighter ya kwanza, na wengi wao hawaikumbuki kwa wema. Kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, iliitoa mwaka 1987 chini ya uongozi wa Takashi Nishiyama. Mashine yake ya kifahari haikuwa na vitufe vya kawaida bali pedi mbili kubwa, moja ya ngumi na nyingine ya teke. Kadiri mchezaji alivyoigonga pedi kwa nguvu, ndivyo pigo la kwenye skrini lilivyokuwa zito. Wenye kumbi za gemu hawakuchelewa kuiona hasara yake. Vijana walizitwanga pedi hizo bila huruma, zikaharibika, na viganja vikauma. Ndipo Capcom ikaleta mashine yenye vitufe 6: vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, kuanzia pigo jepesi hadi zito. Miongoni mwa vilivyodumu kutoka kwenye gemu hiyo ni vitufe hivyo.

Mengine yalikuwa hafifu. Mchezaji wa kwanza alikuwa Ryu, wa pili alikuwa Ken, basi. Mpira wa moto ulikuwepo, ila mashine iliupokea kwa nadra kiasi kwamba aliyefaulu kuurusha alionekana amebahatisha. Nishiyama mwenyewe alihamia SNK, wapinzani wa karibu wa Capcom.

Jaribio la kwanza la mwendelezo lilipotea njia. Lilitangazwa kwa jina la Street Fighter '89, lakini lilikuwa gemu ya kutembea mtaani ukiyapiga magenge, likaishia kuitwa Final Fight. Liliuzika vizuri. Kisha Yoshiki Okamoto akawapa kazi ya mwendelezo wa kweli wabunifu wawili, Akira Nishitani na Akira Yasuda, na mwanzoni mwa 1991 Street Fighter II ikaingia kumbini.

Safari hii mchezaji alichagua mmoja kati ya wapiganaji 8, na hawakufanana hata kidogo. Dhalsim wa India alirefusha mikono na miguu hadi kwa adui aliyesimama mbali. Chun-Li wa China, mwanamke pekee kati yao, alikuwa mwepesi na mwenye mateke ya kasi. Zangief aliwakilisha Umoja wa Kisovyeti, dola iliyovunjika kabla mwaka huo haujaisha. Aliyemaliza gemu naye alimwona akicheza dansi na mtu aliyefanana sana na Gorbachev, kiongozi wa dola hiyo. Afrika haikuwa na mtu. Ilisubiri hadi Street Fighter III ya mwaka 1997, alipokuja Elena wa Kenya, ambaye kwa sababu wanazozijua Capcom wenyewe anapigana kwa capoeira, sanaa ya kupigana ya Brazili.

Kitu kilichoipa gemu hii uhai mrefu kuliko vyote kiliingia kwa bahati. Noritaka Funamizu, aliyekuwa akikagua hitilafu, aligundua katika hatua ya ziada ya kuvunja gari kwamba pigo moja likiunganishwa na jingine kwa wakati sahihi, yanafuatana bila nafasi ya kujikinga. Aliona ni vigumu mno mtu kuliweza jambo hilo, akaliacha ndani ya gemu. Wachezaji waliliweza upesi sana. Leo mapigo hayo ya mfululizo, yaani kombo, ndiyo msingi wa karibu kila gemu ya kupigana.

Lakini ubunifu peke yake haulipi kodi ya ukumbi. Kabla ya hapo, mchezaji hodari alikuwa hasara kwa mwenye mashine: sarafu moja ilimweka pale muda mrefu huku wengine wakitazama. Street Fighter II iligeuza hesabu hiyo. Mtu yeyote aliweza kutia sarafu yake katikati ya mchezo wa mwingine na kumpa changamoto. Pambano likaisha ndani ya dakika chache, mshindi akabaki bila kulipa, na aliyeshindwa akaingiza mkono mfukoni tena. Nchini Marekani, waliosubiri zamu walipanga sarafu za senti 25 kwenye ukingo wa skrini, na foleni ilijulikana kwa sarafu hizo. Hodari sasa alikuwa mtaji: kila aliyetaka kumng'oa alilipa.

Faida hiyo iliwavuta maharamia. Capcom ilipotoa toleo jipya, Champion Edition, mwaka 1992, bodi za mashine zilizochezewa kiharamia zilizagaa, maarufu zaidi ikiitwa Rainbow, ambamo Ryu alirusha mipira ya moto akiwa hewani. Wachezaji walipenda kasi yake ya wazimu. Capcom ilijibu mwaka huohuo kwa Hyper Fighting, iliyoongezwa kasi. Yaani kampuni ilimfuata mwizi wake, na ilifanya vyema. Nyumbani nako, toleo la kwanza la mashine ya Super Nintendo liliuza takriban nakala milioni 6.3.

Mahakamani mambo hayakuwa mepesi. Kampuni ya Data East ilitoa Fighter's History mwaka 1993, nayo ilifanana mno na Street Fighter II, kwa hiyo Capcom ikashitaki. Kichekesho ni kwamba miaka michache nyuma Data East yenyewe ilikuwa imeishitaki kampuni ya Epyx kwa kuiga gemu yake ya karate, ikashindwa katika rufaa mwaka 1988. Safari hii ilikuwa upande wa pili wa hoja ileile. Mwaka 1994 jaji wa California alikataa kuizuia Fighter's History: ngumi, mateke na aina za wapiganaji si mali ya mtu mmoja. Mlango ukabaki wazi kwa kila aliyetaka kutengeneza gemu ya kupigana.

Ushindani wa kumbini nao ukageuka mashindano: mwaka 1996 wachezaji wapatao 40 walikutana California kushindana katika mashindano ya Battle by the Bay, na miongoni mwa gemu zilizochezwa ilikuwa Super Street Fighter II Turbo, toleo la baadaye la gemu hii. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Evo, jina mashuhuri katika gemu za kupigana, mwaka 2002.

Anayetaka kuionja historia hii ana mkusanyo wa kuadhimisha miaka 30 ambao Capcom iliutoa mwaka 2018, wenye gemu 12, ya mwaka 1987 ikiwamo. Aanze na Hyper Fighting, na asicheze na kompyuta: atafute mtu.