Mshono wa Mkuki

Watu wakishika mkuki wa kale hutazama ncha. Mimi hutazama mshono. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na kunoa majembe katika kibanda cha jua kali hapa Kibugu, na katika mkuki alioniachia babu, mahali ninapokawia ni pale chuma kinapokutana na mti.

Ni ule mkuki mrefu waliokuwa nao wapiganaji wa Embu, Ukikuyu na Umaasaini: ubapa mrefu wenye mgongo katikati, kipande kifupi cha mti cha kushikia, na mkia wa chuma uliochongoka. Hauna msumari wala ribiti. Mhunzi alikifua chuma kikawa chembamba, akakiviringa kama jani la ndizi, kingo mbili zikakaribiana na kuachwa wazi. Jicho lisilozoea litadhani kazi haikumalizika. Lakini tundu hilo hupungua kadiri linavyoingia ndani, na mti umechongwa kulifuata, basi ukiugongesha chini mti unazidi kukaza. Ukiushika pale katikati, haulali mbele wala nyuma. Mkia umeulipa ubapa uzito wake. Mtu aliyepata ulinganifu huo kwa mkono mtupu ni fundi kamili.

Chuma chenyewe kilitoka mtoni. Mvua ikiosha miteremko ya Mlima Kenya, mchanga mweusi mzito hubaki ule mwepesi ukichukuliwa na maji. Jomo Kenyatta, katika kitabu cha Facing Mount Kenya cha 1938, anaeleza jinsi Wakikuyu, jirani zetu, walivyouosha. Uliingizwa kwenye tanuri la udongo pamoja na makaa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikapuliza kupitia mrija wa udongo. Kilichopatikana ni donge lililojaa mavi ya chuma, nalo likapashwa moto na kupondwa, likapashwa tena na kupondwa, hadi likasafika. Kabla ya pigo la kwanza la kutengeneza mkuki, watu walikuwa wameshachoka. Ndiyo maana mhunzi aliheshimiwa, na laana yake iliogopwa hata na wazee.

Huko Java wahunzi wa mikuki hukunja vyuma tofauti tabaka juu ya tabaka, mpaka ubapa ukatoa michirizi waiitayo pamor. Naupenda ustadi huo. Wetu haukutafuta michirizi; uzuri wake wote umo katika mstari ule mmoja wa mgongo, kutoka shingoni hadi nchani, na mstari ukipinda kidogo tu hakuna pambo la kuuficha.

Tanuri halikuzimwa na vita. Lilizimwa na bidhaa. Waya na vyuma vya kununua vilianza kuja na misafara ya pwani, kisha reli ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na kuosha mchanga kukawa taabu isiyo na malipo. Mhunzi aliendelea kufua, ila chuma cha wengine. Mwaka 1906 Waingereza waliwapiga Waembu na kujenga boma lao, na siku za mpiganaji mwenye mkuki zikahesabika. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ujuzi wa vyuma uligeukia kwingine: msituni wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Wanaosimulia vita hivyo huwataja majenerali. Mafundi wa bunduki zile nao wanastahili kutajwa.

Kinachoniuma ni vibandiko vya makumbusho. Mara nyingi huandika kabila, chuma, mti, urefu, na jina la aliyeuleta mkuki kutoka Afrika. Aliyeufua hayumo.

Vijana ninaowafundisha hawawashi mashine ya kuchomelea kabla sijaona kiungo kikikaa chenyewe, bila tone la moto. Hulalamika kwamba nawachelewesha. Nawapa mkuki waushike, wapitishe kidole kwenye ule mshono ulio wazi, kisha warudi kwenye tupa.