Foto za Arusi, Mashahidi wa Historia Yetu

Katika siku za Jubile tunataja majina ya mapadri waliotutangulia, na miaka ambayo makanisa yalijengwa. Ni jambo la haki. Lakini historia ya parokia imehifadhiwa pia katika nyumba za Wakristu, ndani ya albamu za zamani na katika fremu zilizotundikwa ukutani. Humo mna foto za uchumba na za arusi zilizopigwa kwa filimu. Inafaa tuseme machache juu yake: kwa nini wazazi wetu walizipenda hivyo, na kwa nini imetupasa kuzitunza.

1. Namna foto ilivyoingia katika arusi

Ufundi wa foto ulitangazwa Paris mwaka wa 1839. Katika nchi yetu uliletwa na wasafiri, wakubwa wa Leta na wamisionari. Wakati ule apareyi ilikuwa mikononi mwa mgeni. Mtu wa Kongo alisimama tu mbele yake, na mara nyingi jina lake halikuandikwa.

Mambo yaligeuka Waafrika walipoishika apareyi wenyewe. Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, alifanya kazi hiyo Kinshasa katika miaka ya 1930, akafika nayo hata Kasai. Naye Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1928, alinunua apareyi ndogo ya Adox mwaka wa 1950, ili apate kumbukumbu ya arusi yake mwenyewe. Baadaye alijulikana sana Kinshasa kwa foto zake za wanamuziki na za maisha ya usiku. Basi, mmoja wa wapiga foto wakubwa wa nchi yetu alianza kwa sababu ya ndoa. Tangu hapo bwana na bibi arusi hawakuwa tena watu wa kutazamwa na mgeni. Ndio walioagiza foto, wakachagua mavazi na namna ya kusimama.

2. Uzuri wa filimu

Filimu moja ilitoa foto 12 katika apareyi za mraba, au 36 katika apareyi ndogo. Filimu ilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyeipoteza ovyo. Mpiga foto alipanga watu kwanza: wazazi wa pande mbili, mashahidi, padri, watoto mbele. Wote walinyamaza, wakasimama wima. Ile heshima tunayoiona katika nyuso zao haikuwa ya bure. Walijua kwamba mara ile haitarudiwa.

Kisha walingoja. Nuru ilikuwa imekwisha kugusa chumvi za fedha zilizomo ndani ya filimu, lakini hapakuonekana kitu mpaka filimu ioshwe kwa dawa katika chumba cha giza. Ndipo negativu ilipotokea, na kila kitu kimegeuka: vazi jeupe la bibi arusi ni jeusi, na koti jeusi la bwana ni jeupe. Kutoka negativu moja zilitolewa foto nyingi: moja kwa wazazi wa bwana, moja kwa wazazi wa bibi, nyingine kwa ndugu wa mbali asiyeweza kufika. Hata leo, katika Ulaya na Marekani, wako wachumba wanaomwomba mpiga foto atumie filimu, ingawa wana simu zenye kupiga foto maelfu. Wanatafuta subira ile ile, na kitu cha kushika mkononi.

3. Foto na kitabu cha parokia

Tangu mwaka wa 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kwamba ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi, na iandikwe katika kitabu. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 inalinda desturi hiyo. Foto haichukui nafasi ya kitabu, wala si sakramenti. Lakini kitabu chatoa majina bila nyuso, na foto yatoa nyuso bila majina. Vyahitajiana.

Foto yasema pia juu ya nyakati. Ukiona bwana arusi amevaa abakosti bila kravati, utakisia kwamba foto ni ya miaka ya Zaire, kati ya 1972 na 1990, wakati koti na kravati vilipokatazwa. Ndiyo miaka ambayo majina ya ubatizo ya kigeni yaliondolewa katika karatasi za Leta. Mavazi yanatusimulia mambo ambayo wenyewe labda hawakuyasema.

4. Kazi yetu leo

Nchi yetu imeona vita vya 1996 na 1998. Mwaka wa 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu kubwa ya mji wa Goma, hata Katedrali ya Mtakatifu Yosefu ikateketea. Anayekimbia hachukui kabati. Huchukua mtoto na fungu dogo. Heri nyumba ambayo katika fungu lile mlikuwa na foto.

Lakini kuna hasara nyingine isiyo na kishindo. Mzee anafariki, foto inabaki, na hakuna ajuaye tena ni nani aliyesimama kushoto. Kwa hiyo tunawaomba, wapenzi: mwaka huu wa Jubile ketini na wazee, geuzeni foto, andikeni nyuma yake kwa kalamu ya risasi, polepole, majina, mwaka na mahali. Negativu ziwekeni pakavu, ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na jua. Wale waliosimama wima mbele ya apareyi walitaka tuwajue. Tusiwaache wawe wageni katika nyumba zao wenyewe.

Mungu azibariki ndoa zetu, awape pumziko waliotutangulia.